Mafuta kwenye ini na pumzi inayokatika mlimani: moyo uangaliwe kwanza

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 51, nauza mchele na vitunguu hapa Ipogolo, Iringa. Tumbo la juu upande wa kulia lilikuwa linanisumbua, nikapigwa utrasaundi, wakaandika nina mafuta kwenye ini daraja la pili. Pombe sinywi, hata ulanzi sigusi, lakini majirani wameshaanza kunitazama vingine. Nilichoambiwa ni "punguza mafuta" basi. Kinachonitisha zaidi ni pumzi: nikipanda kwa miguu kwenda mjini nasimama njiani mara tatu, jioni miguu inavimba, na usiku sasa nalalia mito miwili. Natumia amlodipine miligramu 10 ya presha, bado inasoma 152/94. Uzito kilo 86, urefu sentimita 160, kiuno sentimita 103. Sukari kabla ya kula 6.4. Vimeng'enya vya ini kwenye damu: ALT 48, AST 39. Chembe sahani (za kugandisha damu) 245. Je, mafuta ya ini yanaweza kuugusa moyo? Na kuna mtu ananiuzia unga wa kusafisha ini kwa shilingi 60,000, nichukue?

JIBU: Ndiyo, dada yangu, ini lenye mafuta na moyo vinahusiana sana. Watu wenye ugonjwa huu hufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa kuliko wanavyokufa kwa ini lenyewe. Kwa dalili ulizoeleza, kinachotakiwa kupimwa wiki hii ni moyo wako. Ini lina muda wa kusubiri, pumzi haina.

Kuhusu pumzi, usikubali kuambiwa ni uzee au ni baridi ya Iringa. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500, lakini mtu aliyeishi hapo miaka yote haishiwi pumzi kwa sababu ya mwinuko huo. Mtu anayehitaji mto wa pili ili apumue vizuri akilala anapaswa kuonwa na daktari ndani ya siku chache. Ukiamka usiku unatafuta hewa, ukipata maumivu ya kubana kifuani yanayozidi dakika 15 au yanayopanda taya au mkono pamoja na jasho, ukizimia, au mapigo yakienda mbio bila mpangilio, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukitapika damu, macho yakiwa ya njano au ukianza kuchanganyikiwa.

Sasa hilo la majirani. Ini hujaa mafuta bila tone la pombe. Tangu 2023 wataalamu wa ini waliubadilishia jina ugonjwa huu ili waufungamanishe moja kwa moja na mwenendo wa sukari, uzito, presha na mafuta ya damu. Ili mtu ahesabiwe kuwa nao, anatakiwa awe na walau kasoro moja kati ya hizo, na wewe unazo tatu za wazi: kiuno kimevuka sentimita 80 (kipimo cha wanawake), sukari ya asubuhi imevuka 5.6, na presha iko juu ukiwa tayari kwenye dawa. Anayekutazama vingine mwambie hivyo.

Mafuta hayatiririki kutoka ini kwenda kwenye moyo. Yanayofanyika ni haya. Mwili unapokuwa sugu kwa insulini (homoni ya kudhibiti sukari), mafuta yaliyohifadhiwa tumboni yanaachiwa kuingia kwenye damu hata wakati ambao hayahitajiki, na ini ndilo linayapokea. Juu ya hayo, ini lenyewe linageuza sukari ya ziada kuwa mafuta, hasa ile ya soda, juisi na chai tamu. Likishajaa, linaanza kuitupia damu mizigo: trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) nyingi, chembe ndogo nzito za kolesteroli mbaya zinazopenya kuta za mishipa, sukari ambayo mwili haukuiomba, na protini za uvimbe na za kugandisha damu. Insulini inayozidi kupanda inaziambia figo zishike chumvi. Presha inapanda na mishipa inakakamaa.

Wakati huo huo mafuta mengine yanajijenga kuuzunguka moyo wenyewe, chini ya utando wake. Mafuta hayo hayana ukuta unaoyatenga na msuli, na yanakula kutoka kwenye mishipa ile ile ya damu inayoulisha msuli, kwa hiyo kemikali zake za uvimbe zinaingia moja kwa moja. Mwaka baada ya mwaka chumba cha kushoto cha chini kinapata unene na nyuzinyuzi za kovu. Kinabaki na nguvu ya kubana, lakini kulegea ili kijae damu kunakuwa kwa shida, kama kiriba cha ngozi kilichokauka: kumimina kinamimina, kujazwa ndiyo tabu. Ukiwa umekaa kwenye meza yako ya biashara, mapigo ni ya polepole na chumba kinapata muda wa kujaa. Ukianza kupanda kutoka Ipogolo, mapigo yanakwenda mbio, muda wa kujaa unafupika, damu inarudi nyuma kwenye mapafu, unahema. Ukilala chali damu ya miguuni inarudi kifuani na kuongeza mzigo, ndiyo maana mto wa pili unasaidia.

Hapa ndipo wengi wanapotezwa. Wanapigwa eko (utrasaundi ya moyo), jibu linasema moyo unasukuma asilimia 60, wanaambiwa moyo uko salama. Asilimia hiyo inapima kubana tu, na kuanzia 50 huhesabiwa kuwa kawaida. Moyo ulioshindwa kulegea unaweza kusoma 60 au 65 na bado ukamkatisha mtu pumzi. Aina hii huwapata zaidi wanawake waliovuka umri wa hedhi, wenye uzito, presha na sukari. Sisemi ndicho ulicho nacho, ila maelezo yako yanafanana nacho kiasi cha kutosha kukitafuta kwa makusudi.

Uhusiano huu una upande wa pili ambao husahaulika: moyo uliochoka unaliumiza ini. Damu ikikwama, inarudi kwenye ini, linavimba na kuleta uzito na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, ambayo ndiyo yaliyokupeleka kupimwa. Chukua karatasi yako ya utrasaundi usome kama wameandika lolote kuhusu mishipa ya vena ndani ya ini na vena kuu ya chini. Kama imeandikwa imetanuka, au vena kuu imevuka milimita 21 na haisinyai unapovuta pumzi, huenda ini lako lina damu iliyokwama kwa sababu ya moyo, juu ya mafuta. Kama hawakuandika, mwombe daktari apime tena. Ni dakika mbili kwa mashine ile ile.

Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, elewa pia maana ya "daraja la pili". Ni wingi wa mafuta kwa kuangalia weupe wa ini kwenye picha, na hapo inategemea jicho la mpimaji. Haisemi kama kuna kovu. Mtu wa daraja la kwanza anaweza kuwa na kovu kubwa na wa daraja la tatu asiwe nalo, na kovu ndilo linalofikisha ini kwenye kusinyaa. Kovu tunaanza kulikisia kwa hesabu inayoitwa FIB-4, na namba zako zinatosha: umri zidisha AST, gawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Yaani 51 mara 39 ni 1,989. Kipeuo cha pili cha 48 ni 6.93, mara 245 ni kama 1,698. Ukigawanya unapata 1.17. Chini ya 1.3 uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Ikizidi 2.67 tungekupeleka kwa mtaalamu wa ini bila kuchelewa, na ya katikati inahitaji kipimo cha ugumu wa ini. (Waliovuka miaka 65 tunawawekea kiwango cha chini cha 2.0 badala ya 1.3.) Kwa hiyo ini lako, kwa hesabu hii, bado linarudishika. Rudia baada ya mwaka mmoja, kwa kuwa sukari yako inaelekea kwenye kisukari.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au Tosamaganga kama ni karibu na wewe, na umwambie daktari maneno haya: "Nahema nikipanda, nalalia mito miwili, nina presha isiyoshuka na mafuta kwenye ini, naomba ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko ya moyo." Usianze na tumbo, utaandikiwa dawa ya vidonda. Kama eko haipatikani, omba rufaa ya maandishi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Benjamin Mkapa, Dodoma, na uthibitishe bima yako kabla ya kupanda basi. Kwenye majibu ya eko usiridhike na asilimia ya kusukuma peke yake. Uliza kama ukuta wa chumba cha kushoto umezidi milimita 11, kama chumba cha juu kushoto kimetanuka (zaidi ya mililita 34 kwa kila mita ya mraba ya mwili), kipimo cha E/e' ni kiasi gani, maana kikizidi 14 shinikizo ndani ya moyo liko juu, na kama presha ya mapafu imepanda. Chumba cha juu kikishatanuka, mapigo yanaweza kuvurugika, damu ikaganda ndani yake na kipande kikaenda kwenye ubongo. Ndiyo sababu ECG isirukwe.

Siku hiyo hiyo wakutoe damu wapime wingi wa damu (upungufu wa damu nao unakatisha pumzi), figo na potasiamu, kolesteroli zote pamoja na trigliseridi, sukari ya miezi mitatu, tezi ya shingo, na homa ya ini B na C. Tezi iliyolegea inaleta uzito, uvimbe na mafuta ya ini kwa pamoja, na hutibiwa kwa kidonge kimoja kwa siku. Mkojo upimwe protini. Kipimo cha VVU nacho ni cha kawaida huku kwetu, kwa kuwa Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi mengi nchini. Msomaji mwingine aliye kwenye ARV na uzito umempanda tangu abadilishiwe dawa, amwambie mhudumu wa kliniki. Asiziache kwa kuogopa ini.

Miguu yako, kabla hujaitwisha moyo lawama zote, angalia kidonge. Amlodipine ya miligramu 10 inavimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi, hasa wanaosimama au kukaa siku nzima, na uvimbe wake huzidi jioni na kupungua asubuhi. Vidonge vya kukojoza maji haviuondoi vizuri, na kuna watu wanaongezewa hivyo bure mpaka potasiamu inashuka. Daktari anaweza kuipunguza iwe 5 na kuongeza dawa ya kundi la losartan, ambayo inashusha presha, inapunguza uvimbe huo na inaufaa moyo. Figo na potasiamu vipimwe tena baada ya wiki moja hadi mbili. Usiiache mwenyewe. Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, kisha achia. Shimo likibaki na uvimbe umefika magotini, au miguu haipungui asubuhi, basi huenda moyo au figo vimo.

Presha pima nyumbani kwa siku saba, asubuhi na jioni. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukitosha mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli, na hilo ni kosa la kila siku kwenye maduka ya dawa. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, andika zote, tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani. Wastani wa 135/85 na kuendelea ni presha. Tunakotaka kufika ni chini ya 130/80 kama mwili unavumilia.

Chakula sasa, na hapa "punguza mafuta" halikutosha. Kilichojaza ini kwa wengi wetu ni sukari na wanga mwingi kuliko mafuta ya kupikia. Hesabu chai yako. Vikombe vinne kwa siku vyenye vijiko vitatu vya sukari ni vijiko 12, karibu gramu 48. Soda moja ya mililita 350 ina kama gramu 37. Kiasi kizuri kwa siku nzima ni chini ya gramu 25. Shusha kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea, na chai ya Mufindi ina ladha yake bila sukari. Juisi ya kusagwa haina nafuu. Kula embe lenyewe. Togwa ni tamu na wanga wake uko tayari kuingia kwenye damu, kwa hiyo ni kikombe kimoja mara mojamoja. Na kwa wanaokunywa: ulanzi na komoni ni pombe, ziwe zimetoka kwenye mwanzi au kwenye nafaka. Mwenye ini la mafuta asinywe kabisa.

Sahani igawe: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa, samaki au kuku bila ngozi. Ugali usizidi ngumi yako, na uwe wa dona. Mahindi na karanga zenye ukungu tupa, maana sumukuvu inaharibu ini kwa njia nyingine kabisa. Maharage kikombe kimoja kila siku ni chakula bora kwa hali yako. Viazi chemsha. Parachichi lina mafuta mazuri ila lina nguvu nyingi, nusu kwa siku inatosha. Mafuta ya alizeti ni mazuri pia, lakini pima: mkiwa watano nyumbani na lita inaisha kwa wiki, kila mmoja anakula vijiko viwili vikubwa kwa siku, karibu kalori 250. Vijiko vitatu vya chai kwa mtu kwa siku vinatosha. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na humo uhesabu viungo vya mchuzi vya pakiti na magadi unayotia kwenye maharage. Magadi ni sodiamu kama chumvi, moyo hautofautishi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Kahawa isiyo na sukari, vikombe viwili au vitatu, imeonekana kwenda pamoja na makovu machache ya ini. Ikikuletea mapigo ya mbio, acha.

Lengo la uzito: kilo 4.3 zikiondoka, yaani asilimia 5, mafuta ya ini yanapungua wazi. Kilo 6 uvimbe wa ini unatulia. Ukifikia kilo 8 na nusu hata kovu linaweza kurudi nyuma, na presha itashuka njiani. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, isizidi moja. Wanaojinyima kwa kasi hupata mawe kwenye nyongo, na ini linaweza kuchafuka zaidi. Mpaka eko ijulikane, jipime kila asubuhi baada ya choo. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu ni maji, si mafuta, rudi hospitali.

Mazoezi yasubiri eko, kisha uanzie tambarare, si mlima wa mjini. Dakika kumi mara tatu kwa siku, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba, mpaka ufikie dakika 150 kwa wiki. Ongeza kuinuka kitini bila kushika, mara kumi, seti mbili. Ukikoroma sana na kuamka na kichwa kizito, taja hilo kwa daktari: kukatika pumzi usingizini kunapandisha presha na kuliumiza ini.

Kwenye dawa kuna mambo manne ya kujua. Dawa za kolesteroli za kundi la atorvastatin hazikatazwi kwa ini la mafuta. Nyingi zinasitishwa kwa woga wakati ALT haijavuka hata mara tatu ya kiwango, na mgonjwa anapoteza kinga ya moyo. Pioglitazone inasaidia ini, lakini inashikilia maji mwilini, na mwenye moyo ulioshindwa hatakiwi kuitumia, kwa hiyo mtu asikuandikie kabla ya eko. Dapagliflozin na empagliflozin zilianza kama dawa za kisukari, sasa zinatumika hata kwa moyo usiolegea bila kisukari, na zinapunguza mafuta ya ini kiasi. Eko ikithibitisha, uliza kuhusu mojawapo. Na diclofenac ya kuumwa mgongo iache kabisa: inashika chumvi, inapandisha presha na inaweza kuuangusha moyo uliokuwa unajikongoja.

Unga wa shilingi 60,000 usichukue. Ini halisafishwi, lenyewe ndilo linalosafisha. Hakuna unga unaotoa mafuta yaliyomo, na mchanganyiko wa mizizi usiojulikana umewahi kuwaingiza watu wodini wakiwa na macho ya njano. Tena mingine huongezwa dawa za kukojoza: utakojoa, utaona umepungua kilo mbili, utaamini. Ukiwa umeshaonja, beba pakiti uende nayo kwa daktari, asome au aione, kabla hajakuandikia chochote. Fedha hiyo weka kwa ajili ya eko na vipimo vya damu.